Nilivyofungua Mashine ya Chimène

Jumatatu, tarehe 9 Juni. Kasongo.

Maisha yangu yote sijaandika kitu kingine isipokuwa barua, basi hii kahiye, daftari langu, nayo nitaianza kama barua. Salamu kwako, kahiye. Sisi huku tuko wazima. Koko Emilienne, mama ya bwana wangu, anakusalimu. Kikohozi chake kimepungua, maneno bado. Bwana wangu François, fundi wa kinga, yaani baiskeli, anakusalimu akiwa amelala chini ya kinga ya mutu. Sarah-Grâce, mutoto wetu wa mwisho, anakusalimu. Ni yeye alikutoa kwenye vitu vyake vya masomo, ndiyo maana kurasa zako za mbele ziko na hesabu. Mbuzi anasalimu. Kuku wanasalimu. Na mimi Pascaline, ambaye watu wananiita Mama Chimène, ninakusalimu sana.

Chimène mwenyewe hakusalimu. Hayuko. Ameondoka asubuhi na moto, pikipiki ya kubeba watu, kwenda Salamabila, kwa rafiki yake Arlette. Ndiyo sababu ninaandika. Moyo hautulii.

Chimène ni mutoto wetu wa kwanza. Iko na biro yake, ofisi ndogo, hapa mbele ya nyumba: ordinatere moja, kompyuta ya mezani, yenye sanduku lake la chuma chini ya meza, imprimante moja ya kuchapa karatasi, pano ya jua juu ya bati. Anaandikia watu mialiko ya ndoa na barua za kuomba kazi. Lakini tangu kiangazi kianze, ile ordinatere inazimika yenyewe katikati ya kazi. Inapata moto, inanguruma, inakufa. Jana Chimène akasema, pole pole, kama mutu anayeuliza chumvi iko wapi: Mama, hii ikikufa kabisa mimi nitahamia Salamabila. Arlette ananiita kila siku. Kule kwa watu wa dhahabu kazi iko nyingi.

Salamabila. Vijana wanaenda huko kwa wiki moja, tunawaona tena wakiwa na watoto.

Atarudi Jumapili. Aliniachia neno moja: mama, mashine usiiguse. Nikajibu ndiyo, mwanangu.

Sasa akili yangu ni hii. Akirudi Jumapili akute mashine iko muzima, atahama kufuata nini?

Jumanne, tarehe 10 Juni

Nimeigusa.

François alikwenda sokoni, sanduku lake la vyombo likabaki. Mimi nimeolewa na fundi. Kila siku ya ndoa yangu nimeona vitu vikifunguliwa na kufungwa. Kinga unaipindua kwanza, kiti chini, magurudumu juu. Nikapindua ordinatere. Ndani kitu kikasema ta. Nikairudisha.

Turnevisi, ile bisibisi, ikakubali. Ubavu wa sanduku ukatoka. Ndani vumbi jekundu, lile la barabara yetu, limejaa kila kona kama nyumba ya muchwa. Nikafurahi. Ugonjwa unaoonekana si ugonjwa mubaya. Nikaleta pompi ya kinga, nikapuliza. Vumbi lote likatoka kwenye mashine likaingia kwa Koko Emilienne, aliyekuwa anapeta muchele nyuma yangu. Koko akasema siku akifa nisiwadanganye watu kwamba ni kikohozi.

Lakini kwenye kona vumbi lilibaki. Nikaona afadhali nitoe vitu. Hapo nikatumia akili ya François. Yeye akifungua kinga, anatandika mukeka. Cha kwanza kutoka anakiweka mwisho wa kushoto, cha pili kando yake, hivyo hivyo mupaka mwisho wa kulia. Wakati wa kurudisha anaanzia kulia. Hajawahi kukosea. Nikatandika mukeka, nikatoa vipande, nikapanga mustari. Vantilatere, ile inayopuliza upepo. Waya pana. Waya nyembamba. Kijiti bapa chenye meno ya rangi ya dhahabu. Visi, misumari ya kuzungusha, kila kimoja chini ya ndugu yake. Ulikuwa mustari muzuri, ningependa François auone.

Akauona mwingine. Mama Victorine, mwenye biro ng'ambo ya barabara, ile iliyopakwa rangi ya bluu ili tukasirike. Alisema amekuja kuazima ungo. Ungo anao, nimeuona.

Sasa katika nyumba hii mugeni hasimami. Koko Emilienne hawezi kuona mugeni amesimama, anaumwa tumbo. Mukeka ulikuwa mumoja tu uani. Koko akashika pembe mbili, akamimina kila kitu kwenye beseni, kwa upole sana, akautandika tena mbele ya mugeni. Karibu, mama, kaa.

Mama Victorine akakaa. Akatazama beseni. Akaniuliza, Mama Chimène, leo mnapika nini. Nikasema ni vipande vya kinga ya mutu, Baba Chimène anatengeneza. Akasema eh, kinga za siku hizi ziko na waya nyingi. Akakunywa chai mupaka mwisho. Akaondoka na ungo.

Nikabaki na beseni.

Jumatano, tarehe 11 Juni

Nimerudisha vyote. Karibu vyote.

Waya zilikuwa rahisi, kila mudomo unakataa mahali pasipo pake. Chini ya vantilatere nilikuta uchafu mweupe, umekauka nusu, kama ugali uliosahauliwa kwenye sufuria. Aibu. Nikausugua na kitambaa mupaka chuma kikang'aa. Na ile vantilatere ukiizungusha kwa kidole inalia, kwii. Mahali pa kulia panahitaji mafuta, hilo mutoto mudogo analijua. François akikosa grisi anapaka munyororo mawese, na kinga inakwenda mupaka Lusangi na kurudi. Nikatia mawese. Kidogo. Halafu kidogo tena.

Kijiti chenye meno ya dhahabu nilikiingiza mahali kinapofanana. Sikukisukuma sana, kilionekana mutoto. Visi vitatu vikabaki. Nikavitia kwenye sanduku la François, vitapata kazi huko.

Nikawasha. Mashine ikalia. Pi, pi, pi, kama kifaranga kilichopotea. Kioo cheusi. Nikaiambia basi, nyamaza, mama iko hapa. Pi, pi, pi. Halafu harufu ikatoka. Koko akauliza kutoka ndani nani anakaanga mikate bila kumuita. Nikazima mbio.

François akaingia. Akasimama, akavuta harufu. Akauliza Chimène alisema nini kabla ya kuondoka. Nikajibu Chimène alisema mambo mengi. Akachukua turnevisi yake akaenda kulala nayo.

Alhamisi, tarehe 12 Juni

Nimepata njia. Njia inaitwa Gédéon.

Gédéon ni mutoto wa dada ya Mama Victorine. Anatengeneza ordinatere na telefone, anakaa kwenye biro ya mama yake mudogo siku nzima. Ni kijana wa heshima, mwembamba sana. Mama Victorine anapika vibaya. Hilo silisemi kwa ubaya, ni habari tu.

Nikapika sombe ya majani ya muhogo na samaki wa Lualaba, bugali moto. Nikasimama mahali upepo unavuka barabara. Gédéon akavuka naye.

Alipomaliza kunawa nikamuambia kwamba kuna mama mumoja, simujui vizuri, anakaa upande wa misioni, amefungua ordinatere. Gédéon akauliza alikata umeme kwanza? Nikasema nadhani aliuzima. Akasema kuzima haitoshi, lazima atoe waya kabisa, halafu abonye kile kifungo cha kuwashia huku waya iko nje, ili umeme uliolala ndani uishe. Kisha ashike chuma cha sanduku kwa mukono mutupu kabla ya kugusa kitu. Mwili wa mutu uko na umeme mudogo, yeye hausikii lakini vile vipande vinausikia na vinakufa.

Nikaelewa. Ni kama kubisha hodi. Huingii nyumba ya mutu na kufikia moja kwa moja kwenye sufuria.

Nikamuongeza samaki. Nikauliza kile kijiti chenye meno ya dhahabu. Akasema kinaitwa barete, mashine inaweka mawazo yake pale ikiwa inafanya kazi. Unaishika pembeni, meno huyagusi. Unatazama pengo lake likutane na pengo la mahali pake. Halafu unasukuma kwa nguvu sawa pande mbili, mupaka vile vifungo vya kando vijifunge vyenyewe. Kama havijafunga, barete haijaingia, na mashine italia pi pi pi. Nikasema eh, ule mama alisema inalia.

Na kama ule mama alitia mawese kwenye vantilatere?

Gédéon akaacha kutafuna. Akauliza ni mawese ya kula. Nikasema nadhani. Akatazama bakuli la sombe, akanitazama mimi. Akasema mama, mashine hii siyo kinga, mafuta yataenda kila mahali na vumbi litayafuata. Afute yote kwa kitambaa na alkoli ya dispansari, angoje ikauke kabisa. Na kupuliza kwa pompi si vibaya, lakini ashike vantilatere kwa kidole isizunguke.

Nikasema na ule uchafu mweupe wa chini yake, aliutoa vizuri.

Akaweka mukono chini. Akasema ule si uchafu. Ni dawa inayopitisha moto kutoka kwenye kichwa cha mashine kwenda juu. Bila ile, kichwa kinaungua.

Bugali ukanikwama. Gédéon akanipa maji. Ng'ambo Mama Victorine akaita kwa sauti ya soko nzima: Gédéon, ule mama wa misioni bado hajakushibisha?

Kumbe anajua. Barabara nzima inajua. Na dawa nyeupe, Gédéon akasema, iko moja tu karibu hapa, ndani ya meza ya Mama Victorine.

Ijumaa, tarehe 13 Juni

Nilivaa kitenge cha misa. Nikavuka barabara. Watu waliniona nikivuka.

Mama Victorine alikuwa kwenye kiti chake cha plastiki. Akauliza Mama Chimène, mawese yameisha? Nikasema nimekuja kuomba. Akauliza kuomba nini. Nikasema anajua. Akasema anataka kusikia. Nikasema dawa nyeupe ya ordinatere ya mutoto wangu, niliitoa mimi mwenyewe, kwa usafi. Akacheka mupaka kiti kikalia. Nikangoja. Kama angetaka nicheze ngoma ningecheza.

Halafu akaacha kucheka. Akauliza kama ni kweli Chimène anataka kuhamia Salamabila. Nikasema mashine ikifa. Akafungua meza, akatoa ile dawa, akabeba na kiti chake, tukavuka pamoja. Njiani akasema Chimène akiondoka yeye atashindana na nani, na mbuzi wangu?

Gédéon akaja nyuma yetu. Lakini nikasema nitafanya mimi, yeye anitazame tu. Nikatoa waya. Nikabonya kifungo. Nikashika chuma. Nikafuta mawese na alkoli, mara nyingi, mupaka kitambaa kikatoka cheupe. Tukaacha ikauke tukinywa chai, wote, hata Koko, na mukeka haukuguswa. Gédéon akaonyesha dawa nyeupe inawekwa kiasi gani: kama punje ya muchele, si zaidi. Nikataka kuongeza. Mama Victorine akanipiga mukono. Vantilatere ikarudi. Barete nikaishika pembeni, nikasukuma sawa pande mbili. Vifungo vikajifunga, ka, ka. Raha yake kama mulango muzuri. François akaleta vile visi vitatu bila kuulizwa. Alikuwa ameviona tangu jana.

Nikawasha. Kioo kikawaka. Haikulia, haikunguruma. Iliwaka mupaka pano ikachoka, haikuzimika hata mara moja. Gédéon akasema ugonjwa wa kwanza ulikuwa vumbi tu, na hilo nililiona mwenyewe.

Mama Victorine aliondoka bila kurudisha ungo. Sikuuliza.

Jumapili, tarehe 15 Juni

Chimène amerudi. Mwekundu kwa vumbi toka kichwa mupaka miguu, amekonda kidogo, sipendi.

Nilimungoja aoge. Nikamungoja ale. Halafu nikasema jaribu mashine yako. Akawasha, akaandika, akangoja izimike. Haikuzimika. Akainama akasikiliza. Akauliza nani ameitengeneza. Nikasema mimi, na watu kidogo. Akanikumbatia, akanipaka mafuta yake ya nywele shavuni. Akasema mama, hujui umenifanyia nini.

Nikasema ninajua.

Akasema kuhama alikwisha kuamua kule kule, ila alikuwa na woga kwamba mashine isingeweza barabara, ingefia juu ya moto, njiani, kabla ya kufika. Sasa iko na nguvu, ataibeba. Arlette amekwisha kupata chumba kizuri kando ya soko la Salamabila. Ataondoka Jumatano.

Nikaenda nje kutazama mbuzi.

Jumatatu, tarehe 16 Juni

Chimène alikwenda kuaga watu wa kanisa. François chini ya kinga. Koko akichambua muchele.

Nilitoa waya. Nilibonya kifungo. Nilishika chuma, mara mbili, kwa heshima. Nilifungua vile vifungo vya kando kwa vidole viwili, barete ikajitoa yenyewe, nikaishika pembeni, meno sikuyagusa. Nikaifunga kwenye karatasi kavu. Nikaizika ndani ya mukebe wa muchele. Ubavu wa sanduku nikaurudisha, visi vyote, hakuna kilichobaki. Gédéon angeona angejivuna.

Sikuharibu kitu. Barete ni nzima. Imelala tu.

Jioni Chimène akawasha ili amalize mwaliko wa ndoa ya Blaise, muteja wake. Pi, pi, pi. Akaita Gédéon. Gédéon akafungua, akatazama mahali patupu, akanitazama. Nikamuambia sombe iko motoni. Akajikuna kichwa. Akasema labda tuitafute, au tuagize nyingine Kindu, inaweza kuchukua muda. Kijana wa heshima, nimesema.

Lakini Koko Emilienne yupo. Koko akauliza wanatafuta nini. Chimène akamuambia ni kitu bapa, kiko na meno ya dhahabu. Koko akasema ah, kile kitana, mama yako amekizika kwenye muchele asubuhi, mimi nilifikiri ni dawa ya wadudu.

Gédéon akakumbuka kwamba anaitwa nyumbani. Hata sombe hakungoja.

Chimène akaleta mukebe, akachimba, akafungua karatasi. Akakaa chini karibu na mimi. Hakupandisha sauti. Akaniuliza mama, ulitoa waya kwanza? Nikasema ndiyo. Ulishika chuma? Mara mbili. Akaanza kucheka, akacheka mupaka akafuta macho, na sijui kama mwisho bado kilikuwa kicheko. Akasema ungeniambia tu, mwanangu usiende.

Nikamuuliza kama ningekuambia ungebaki?

Akafikiri. Chimène hajui kudanganya, ni mubaya kabisa kwa hilo, hajachukua kwangu. Akasema hapana, mama.

Akarudisha barete mahali pake. Nilisikia vifungo, ka, ka.

Jumatano, tarehe 18 Juni

Ameondoka.

François alifunga sanduku la ordinatere kwenye moto na mipira ya kinga, ile ya ndani, akavuta mupaka hata mulima ungetikisika sanduku lisingetikisika. Nilikuwa nimelivika kitenge changu cha misa na gunia juu, kwa ajili ya vumbi. Koko alimupa muchele wa mukebe ule ule. Sarah-Grâce alilia. Mama Victorine alisimama ng'ambo, akasema ni vumbi la moto linamuingia machoni, na moto ilikuwa bado haijawashwa. Halafu akavuka akampa Chimène ungo wangu. Ya kupetea kule, akasema.

Chimène akaniambia atakuja mupunga ukianza kupandwa. Akaniambia mimi ni mutu mwenye mikono mizuri, ningesoma ningekuwa na biro yangu. Nimelia kwa hilo zaidi kuliko kwa moto ilipoondoka.

Nimefikiri sana leo. Mutoto si kinga, huwezi kumupindua magurudumu juu ili asiende. Nimekubali. Moyo umetulia.

Imprimante haikupata nafasi kwenye moto. Moto nyingine itapita Jumamosi kuichukua. Chimène alisema, mama, iangalie tu.

Nimeiangalia. Nyuma iko na visi vinne. Sikuwa na mawazo mabaya, nilitaka kuona kama vumbi limeingia, maana njiani itateseka, bora aikute safi. Nilitoa waya. Nilishika chuma, ingawa hii ni plastiki nyingi, chuma nilikitafuta. Ndani kuna gurudumu dogo jeusi linalovuta karatasi. Linatoka vizuri. Limetoka. Bila hilo, nadhani, karatasi haitavutwa, na mutu atalazimika kurudi nyumbani na imprimante yake ili mama yake aitazame.

Liko ndani ya sanduku la chumvi. Kwa muchele Koko anapajua.

Chimène mwanangu, sisi huku tuko wazima wote, hata mbuzi. Ukifika tu, piga simu upesi, useme kama barabara ilikuwa nzuri na kama umekula. Usikawie kunijibu. Habari za imprimante, usiulize.